Ualimu Kongo: chuo gani, miaka mingapi, darasa lipi?

Kasindi, katika teritware ya Beni, huishi kwa mpaka wa Uganda. Malori hupanga foleni mpakani Lubiriha, wabadilisha fedha wapo barabarani, na kijana aliyepata diploma ya taifa anaweza kuingia kwenye biashara kesho yake asubuhi. Hata hivyo, wapo wanaochagua chaki. Mwandishi wa elimu wa jarida hili anajibu maswali ambayo wao na wazazi wao huuliza kila matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotoka.

Chuo kikuu cha ualimu cha serikali ni kipi, nacho kilianzaje?

Ni UPN (Université Pédagogique Nationale), kilichoko Binza, katika komini ya Ngaliema, Kinshasa. Kilianza mwaka 1961 kwa jina la IPN (Institut Pédagogique National), kwa msaada wa UNESCO, kuziba pengo lililoitisha nchi nzima. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Walimu wa sekondari walikuwa karibu wote Wabelgiji, na wengi wao waliondoka katika machafuko ya mwaka huo. Wanafunzi walikuwepo, majengo yalikuwepo, wa kusimama ubaoni hakuna. Serikali iliajiri wageni, wakiwemo Wahaiti waliojua Kifaransa, huku IPN ikiandaa wenyeji. Mwaka 2005 IPN ikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu.

ISP zetu, yaani vyuo vya juu vya ualimu, ni matawi ya UPN?

Hapana. Bukavu ilipata shule yake ya kuandaa walimu wa sekondari mwaka huohuo wa 1961, na ndiyo ISP Bukavu ya leo. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu uliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, na vyuo vya ualimu vikaingizwa humo. Kitivo cha saikolojia na elimu kikawekwa Kisangani, kwa hiyo mtu wa Beni aliyetaka digrii ya elimu alielekea huko, si Kinshasa. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na kila chuo kikarudi kujitegemea. Leo kuna ISP za serikali Goma, Bunia na hata Oicha, katika teritware ileile ya Beni.

Husomwa nini, kwa miaka mingapi?

Kwa miongo mingi ngazi zilikuwa mbili: grada ya miaka 3, iliyompa mtu ruhusa ya kufundisha madarasa ya chini ya sekondari, kisha lisansi ya miaka 2 kwa madarasa ya juu. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ulioanza kutumika kwa upana mwaka wa masomo 2021-2022, umebadilisha hesabu: lisansi miaka 3, masta 2, udaktari 3. Anayemsikia mjomba wake akijivunia lisansi ya miaka 5 ajue kwamba wanazungumzia ngazi tofauti.

Masomo ya ISP hufuata mahitaji ya shule: hesabu na fizikia, biolojia na kemia, historia, jiografia, Kifaransa, Kiingereza, biashara. UPN imepanuka zaidi ya ualimu na ina vitivo kama vile sheria na uchumi.

Na mwalimu wa shule ya msingi?

Huyo hahitaji ISP. Humanites pedagojike, yaani sekondari ya ualimu, humfikisha kwenye diploma ya taifa, kile watu wanachokiita D6, na kumruhusu kufundisha shule ya msingi. Uganda imechukua njia nyingine: sera yake ya walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu awe na digrii.

Staji, yaani mazoezi ya kufundisha, inahusu nini hasa?

Hapo ndipo mwalimu hupikwa. Mwanafunzi hukabidhiwa darasa la kweli, na kabla ya kuingia lazima aonyeshe fishi, yaani mpango wa somo, aliyoiandika kwa mkono: marudio, motisha, kutangaza mada, uchambuzi, muhtasari, kisha zoezi. Mkaguzi hukaa nyuma na kalamu. Anayetangaza mada kabla ya kuwaamsha watoto, au anayemaliza saa bila zoezi, huyakuta makosa yake yameandikwa pembeni mwa fishi.

Kwa nini tusivuke mpaka wa Mpondwe tukasome Uganda?

Inawezekana. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, kina historia ndefu ya kuandaa walimu. Lakini masomo ni kwa Kiingereza, na digrii ya nje lazima ipate hati ya ulinganifu kabla ya kutambuliwa Kongo. Kwa upande mwingine, Kinshasa haifikiki kutoka hapa bila ndege, na barabara ya kwenda Beni, kilomita 80 hivi, imewahi kushambuliwa mara nyingi. Familia ipime usalama kwanza, ada baadaye.

Mwalimu mpya hulipwa lini?

Serikali humlipa mwenye namba ya matrikili, yaani namba ya usajili wa mtumishi. Wasio nayo hufundisha bila mshahara wa serikali, wengine kwa miaka. Zamani michango ya wazazi iliwabeba; tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, na mzigo huo umebaki zaidi sekondari. Shule nyingi husimamiwa na makanisa kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1977, kwa hiyo barua ya kuomba kazi hupitia ofisi ya uratibu wa kanisa husika.

Kabla ya kulipa ada popote, omba kuona hati ya serikali inayokitambua chuo, uliza staji hufanyika shule zipi, na zungumza na waliomaliza mwaka jana. Chuo kisichoweza kuonyesha hati hiyo kiache.