Kumbeba Rafiki Hadi kwa Yesu: Mafunzo Niliyopata

Nimesali katika jumuiya ndogo ndogo hapa Dar es Salaam tangu nilipoolewa, na kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wengi wetu tumeletwa kwa Mungu na rafiki. Mahubiri yana kazi yake, semina zina kazi yake. Lakini kuna mtu haingii kanisani, hafungui redio ya dini, na bado mlango wake anamfungulia shoga yake. Kwa watu wa namna hiyo nimejifunza haya.

1. Imani yako inaweza kumshikilia rafiki ambaye yake imechoka

Katika sura ya pili ya Injili ya Marko kuna watu wanne waliombeba rafiki yao aliyepooza hadi nyumba aliyokuwamo Yesu, kule Kapernaumu. Nyumba imejaa, mlangoni hapapitiki, basi wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha na godoro lake mbele ya Yesu. Majina yao hatujaambiwa. Mgonjwa mwenyewe hatamki neno lolote katika habari ile. Na Marko anaeleza wazi kwamba Yesu aliiona imani yao, wale waliobeba, ndipo akamgeukia mgonjwa na kumsamehe dhambi.

Nilikuwa nimelisikia somo hilo tangu utotoni, lakini nililielewa mwaka aliofiwa na mumewe rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa rozari kila jioni. Baada ya mazishi akaacha vyote. Akaniambia, “Dada, mimi siwezi kusali. Nikifumba macho naiona sura yake tu.” Nikamjibu kwamba asisali, tutamsalia. Nilimaanisha hivyo hivyo. Tukagawana siku, kina mama wanne wa jumuiya, kila mmoja na siku zake za kumwombea kwa jina, naye akijua kwamba siku ya leo ni ya fulani. Hatukumdai chochote. Mtu aliyezimia hasimamishwi kwa kukaripiwa, na moyo nao huzimia.

2. Mikono hutangulia mdomo

Msibani watu huja na maneno mengi: ni mapenzi ya Mungu, jikaze, amepumzika. Rafiki yangu alikuja kunieleza baadaye kwamba maneno ya siku zile hayakumbuki. Anachokumbuka ni nani alilala naye chini kwenye mkeka wakati wa matanga, nani aliosha masufuria, na nani alibaki baada ya turubai kuondolewa na ndugu kurudi mikoani. Ukitaka kumwambia rafiki kwamba Mungu hajamwacha, wewe usimwache kwanza.

3. Sala iende nyumbani kwake

Hapa ndipo ninapolishukuru Kanisa letu la Afrika Mashariki. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa ukanda wetu, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walizungumzia kujenga jumuiya hizi za Kikristo, ili Kanisa liishi pale majirani wanapoishi. Uamuzi wa maaskofu ukisomwa kwenye karatasi unaweza kuonekana mkavu. Mimi nimeuona ukiwa na kitambaa cheupe juu ya meza ya plastiki.

Jumamosi asubuhi ilipofika zamu ya nyumba ya rafiki yangu yule kupokea jumuiya, wengi walidhani ataomba arukwe. Hakuomba, ila hakuandaa kitu. Tukaja na vyetu: mkeka mmoja akabeba huyu, msalaba na mshumaa yule, watoto wakaleta viti kutoka kwa jirani. Tukasoma Injili ya Jumapili inayofuata, tukatafakari, tukafika kwenye maombi ya waamini. Kila mtu akatoa ombi lake, la mgonjwa, la ada, la kijana anayetafuta kazi. Yeye alikaa mlangoni pa jikoni, kitoto chake cha mwisho kimemlalia pajani, kimya. Tulipoanza kumwombea marehemu mumewe, akaitikia pamoja nasi. Neno moja tu, la kuitikia. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na hilo la kutogeuka nalihesabu kuwa upendo mkubwa kuliko hotuba yoyote. Kisha ukaja mchango wa kusaidiana, matangazo, tukaaga.

Angeambiwa siku ile aende parokiani asingekwenda. Misa aliirudia baadaye sana, kwa miguu yake, na hakuna aliyemtuma.

4. Mweleze ukweli wa moyo wako

Rafiki hahitaji kukuona malaika. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyetoka Gahini, Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyopiga kule. Mwafrika na Mzungu, katika nyakati za ukoloni, wakaketi kusoma Biblia na kusali pamoja kama watu wawili wenye njaa moja. Urafiki huo ni miongoni mwa chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki, uliosambaa Uganda, Rwanda, Kenya hadi Tanganyika. Ndugu wa Uamsho walijulikana kwa kukiri makosa yao waziwazi, wao kwa wao, mmisionari mbele ya mwenyeji na mwenyeji mbele ya mmisionari.

Mimi si wa mapokeo yao, lakini jambo hilo nimelichukua. Rafiki akiniuliza kama huwa nasikia Mungu yuko mbali, namjibu kwamba ndiyo, kuna majira sala yangu hukauka, na namweleza ninavyofanya: nasali zile sala fupi nilizofundishwa na bibi, ninaendelea. Jibu hilo humsaidia kuliko nikijifanya sijawahi kutikisika.

5. Usimwekee rafiki kalenda

Wanafunzi watatu waliishi chumba kimoja Paris kuanzia mwaka 1529: Inyasi wa Loyola, Petro Favre na Fransisko Ksaveri. Favre alivutika mapema na imani ya Inyasi. Ksaveri alitaka cheo na sifa, akachelewa kwa miaka. Inyasi hakuhama chumba. Tarehe 15 Agosti 1534 wote watatu walikuwa Montmartre pamoja na wenzao wanne, wakiweka nadhiri kwa Mungu. Ksaveri yule aliyechelewa ndiye aliyetua Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda kuhubiri India.

6. Imani isiwe mtego

Tunaishi nyumba zinazopakana na Waislamu, na baadhi ya marafiki zangu wa karibu kabisa ni Waislamu. Huwa naulizwa: je, na hao unawaleta kwa Mungu? Najibu kwamba simfichi mtu imani yangu. Anayeniuliza habari za Yesu namweleza kwa furaha, maana ndiye uhai wangu. Ila siufanyi urafiki kuwa chambo, wala sisubiri jirani augue ndipo nimshike. Mama mwenzangu wa nyumba ya pili hunipigia hodi mtoto akiwa na homa na kusema, “Mama, tuombee.” Naomba palepale, kwa jina la Yesu kama ninavyoomba siku zote, na yeye anajua. Nikifiwa mimi, dua yake naipokea kwa mikono miwili. Ni kwa kuwa hakuna anayemvizia mwenzake ndiyo maana tunaweza kukaa barazani jioni tukazungumza habari za Mungu kwa uwazi, tukaulizana hata maswali mazito, na kesho yake akatuma mtoto kuniomba chumvi.