Divai Nyekundu ya Bordeaux Mezani: Mwongozo kwa Wahudumu wa Kpandroma

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa hoteli, mikahawa na nyumba za wageni, pamoja na wanaoandalia wageni kwenye harusi na sherehe. Divai nzuri ya Bordeaux, Ufaransa, hufika kwetu kwa bei ghali, ikiwa imepita mikono mingi. Mkono wa mwisho ni wa mhudumu, nao unaweza kuharibu kwa dakika tano kazi ya miaka.

1. Jua inavyotengenezwa

Dodoma, Tanzania, huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka; Bordeaux huvuna mara moja tu, Septemba hadi Oktoba. Zabibu zake kuu nyekundu ni Merlot na Cabernet Sauvignon. Maji ya zabibu hizi hayana rangi. Wekundu hutoka kwenye maganda. Ndiyo maana zabibu huchachuka pamoja na maganda yake, huku hamira ikigeuza sukari kuwa kilevi. Maganda na mbegu hutoa pia tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Kisha divai bora hukaa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, mara nyingi miezi 12 hadi 18, ukakasi upungue makali.

2. Pokea na utunze

Kagua kila chupa inaposhuka garini. Kizibo kilichojisukuma juu, au divai iliyovuja shingoni, ni dalili kwamba imeungua kwa joto njiani: usiipokee. Chupa nzima ilaze gizani, mbali na jiko na dirisha, ipumzike siku kadhaa kabla ya kufunguliwa.

3. Pima joto

Divai hii hunywewa ikiwa na nyuzi 16 hadi 18. Katika miinuko ya Djugu, chumba chenye kivuli mara nyingi hutosha. Mchana wa joto, au unapohudumu Bunia, iweke kwenye friji dakika 20. Usiweke barafu ndani ya glasi.

4. Fungua na uonjeshe

Mwonyeshe mwenyeji lebo kwanza, athibitishe jina na mwaka. Kata kifuniko chini ya mdomo wa chupa, ingiza kizibuo katikati ya kizibo, vuta polepole, kisha futa mdomo kwa kitambaa safi. Mmiminie mwenyeji kidogo aonje: atazame rangi, azungushe glasi, anuse, ndipo anywe. Harufu ya katoni iliyolowa maana yake kizibo kimeiharibu divai. Harufu kali ya siki maana yake hewa imeingia. Iondoe bila kubishana, ulete nyingine.

5. Mimina kwa kiasi

Jaza theluthi moja ya glasi, ili harufu ipate nafasi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125. Anza na wageni na wazee. Mwenyeji awe wa mwisho. Divai changa na kali imiminwe kwenye jagi safi saa moja kabla. Iliyozeeka isimamishwe siku nzima, imiminwe taratibu, mashapo yabaki chini.

6. Shauri chakula

Nyama ya ng'ombe au mbuzi ya kuchoma hulainisha tanini. Samaki wa Ziwa Albert huweza kuwa na ladha ya chuma wakiliwa na divai yenye tanini nyingi; mwambie mteja kabla hajaagiza.

7. Linda uaminifu

Chupa ifunguliwe mbele ya mteja, daima. Usichanganye mabaki, wala usijaze chupa tupu kwa divai nyingine. Iliyobaki rudishia kizibo, iweke kwenye friji, iishe ndani ya siku tatu. Usimuuzie mtoto. Aliyekuja na pikipiki au gari mtafutie wa kumpeleka nyumbani.