SOMO LA KOMPYUTA: KADI MBILI ZISIGOMBEE NAMBA MOJA



Kompyuta ya darasani hutumiwa na watu wengi. Ikikwama, hakosi somo mtu mmoja, bali zamu nzima. Kwa hiyo, kama kadi ya sauti au ya mtandao haifanyi kazi, usianze kubahatisha. Soma kwanza somo hili mpaka mwisho.

Somo linahusu kompyuta za miaka ya 1990 zenye nafasi za kadi za aina ya ISA, zinazotumia Linux ya toleo 2.0 au 2.2. Kuanzia toleo 2.4, lililotoka mwaka 2001, Linux yenyewe inaweza kupanga kadi hizi. Kompyuta za kawaida za siku hizi hazina tena nafasi za ISA.

TATIZO LINATOKA WAPI?

Siku ya kugawa chakula kila familia ina namba yake. Familia mbili zikiwa na namba moja, namba ikiitwa zote husogea mbele, na foleni husimama. Kadi nazo ziko hivyo. Kila kadi huhitaji:

- Namba ya IRQ, ambayo kadi huitumia kuiita kompyuta.
- Anwani, yaani mahali ambapo kompyuta huikuta kadi, kwa mfano 0x220.
- Kwa baadhi ya kadi, kama ya sauti, njia ya DMA ya kupitishia data.

Namba za IRQ ni 16 tu, kuanzia 0 hadi 15, na nyingi zina wenyewe. Namba 0 ni ya saa ya mfumo, 1 ya kibodi, 3 na 4 za milango ya COM, 6 ya diski laini, 14 ya diski kuu. Mara nyingi zinazobaki ni 5, 9, 10 na 11. Kadi mbili za ISA zikipewa namba moja, moja hunyamaza, au kompyuta nzima hukwama.

Zamani namba zilipangwa kwa kuhamisha vibanio vidogo juu ya kadi. Mwaka 1993 Intel na Microsoft walitoa utaratibu wa Plug and Play kwa kadi za ISA, na tangu hapo kadi huweza kupangwa kwa programu. Katika Linux programu hizo ni mbili: pnpdump, ambayo husoma kadi zinataka nini, na isapnp, ambayo huzipangia.

FANYA HIVI

1. Hifadhi kazi zote zilizofunguliwa, kwa kuwa kosa linaweza kukwamisha kompyuta. Kisha ingia kama root.

2. Tazama namba zinazotumika sasa:
cat /proc/interrupts
cat /proc/ioports
cat /proc/dma
Ziandike kwenye daftari. Angalia: kadi ya zamani yenye vibanio, ambayo programu yake haijaanzishwa, haionekani hapa. Kama ipo, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha na usome vibanio vyake.

3. Soma kadi, uweke majibu katika faili la majaribio:
pnpdump > /root/jaribio.conf
Usiandike moja kwa moja kwenye /etc/isapnp.conf. Alama > hufuta faili la zamani bila kuuliza, na huenda humo mna mpango uliokuwa ukifanya kazi.

4. Fungua faili hilo. Utaona mistari mingi inayoanza na alama #. Mstari wenye # mbele hausomwi. Kila kadi imetoa mafungu kadhaa ya mipango inayokubali. Chagua fungu moja ambalo namba zake hazina mwenyewe, kisha ondoa # kwenye mistari yake, kwa mfano:
(INT 0 (IRQ 5 (MODE +E)))
(DMA 0 (CHANNEL 1))
(IO 0 (SIZE 16) (BASE 0x0220))
Usichanganye mafungu mawili. Mwishoni ondoa pia # kwenye (ACT Y), maana bila mstari huo kadi haiamki.

5. Jaribu:
isapnp /root/jaribio.conf
Ikitoa lawama kwamba namba imeshachukuliwa, rudi hatua ya 4. Juu ya faili kuna neno FATAL, linaloiamuru programu isimame ikiona mgongano. Wengine hulibadilisha kuwa WARNING ili ujumbe usiwazuie. Usifanye hivyo: ugomvi utabaki, ila sasa hakuna wa kuuzuia.

6. Anzisha programu ya kadi kwa namba zilezile. Kwa Sound Blaster 16 iliyopewa njia za DMA 1 na 5:
modprobe sb io=0x220 irq=5 dma=1 dma16=5

7. Ikifanya kazi, hifadhi mpango:
cp /root/jaribio.conf /etc/isapnp.conf
Kompyuta ikizimwa, kadi husahau. Kwa hiyo isapnp lazima iendeshwe kila inapowashwa, kabla ya modprobe.

KUMBUKA

Badilisha kadi moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mbili na mambo yakaharibika, hutajua kosa liko wapi. Andika namba ulizochagua kwenye karatasi, uibandike ubavuni mwa kasha. Kesho huenda ukahamishwa au ukarudi nyumbani, na atakayeshika zamu yako atakuta kazi iliyokwisha anza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kadi yenye vibanio inaweza isionekane katika /proc/interrupts?
2. Umeondoa # kwenye mistari ya IRQ na anwani, lakini kadi bado imenyamaza. Umesahau mstari gani?
3. Jana kadi ilitoa sauti, leo haitoi. Utaangalia nini kwanza?

Jadilianeni darasani. Majibu yote yamo ndani ya somo hili.