Benki ya nje ikianguka: njia za kurudisha akiba na mafunzo ya Icesave

RIBA nono ndiyo chambo cha kwanza. Oktoba 2006 benki ya Landsbanki ya Iceland ilifungua nchini Uingereza akaunti ya akiba iliyoitwa Icesave. Akaunti hiyo iliendeshwa kwa intaneti, bila kaunta wala karani wa kumwuliza. Kufikia 2008 riba yake ilikuwa imepita asilimia 6 kwa mwaka, na watu zaidi ya 300,000 walikuwa wameweka humo zaidi ya paundi bilioni 4.5. Mei 2008 mlango wa pili ulifunguliwa Uholanzi, na katika muda wa miezi mitano ukavuta wateja zaidi ya 100,000. Nchi ya Iceland yenyewe ilikuwa na wakazi wapatao 320,000 tu.

Oktoba 7, 2008 benki hiyo iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali ya Iceland. Wateja waliofungua ukurasa wa Icesave walikuta tangazo fupi: fedha haziwekwi wala hazitolewi. Siku hiyo swali la riba lilikwisha, likabaki swali la mtaji: je, utarudi, utarudi lini, na nani ataulipa?

Kisa hiki ni somo kwa kila mwenye akiba katika benki ambayo makao yake makuu yako nchi nyingine. Jibu la maswali hayo matatu halikutegemea ukubwa wa benki wala uzuri wa matangazo yake. Lilitegemea sheria ya nchi ipi ilikuwa nyuma ya amana, na mteja alisimama wapi katika foleni ya wadai.

TAWI SI SAWA NA KAMPUNI TANZU

Benki ya kigeni huingia nchini kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufungua tawi. Tawi ni sehemu ya benki mama. Likidaiwa, benki mama ndiyo inayodaiwa, na benki mama ikianguka, tawi limeanguka siku hiyo hiyo. Njia ya pili ni kusajili kampuni tanzu. Hii ni kampuni ya nchi ilipo, yenye mtaji wake, leseni yake na hesabu zake, hata kama hisa zote ni za wageni na jina mlangoni ni lile lile.

Icesave ilikuwa tawi. Kwa taratibu za soko la pamoja la Ulaya, mdhamini wa kwanza wa amana zake alikuwa mfuko wa bima ya amana wa Iceland, uliotakiwa kumlipa kila mteja hadi Yuro 20,887. Mfuko wa Uingereza ulikuwa wa kujazia tu juu ya hapo. Tatizo ni kwamba mfuko wa Iceland haukuwa na uwezo wa kubeba mzigo huo. Benki kubwa tatu za nchi hiyo zilianguka ndani ya wiki moja, na mali zao kwa pamoja zilikuwa karibu mara kumi ya pato la taifa.

Wiki hiyo hiyo wateja wa Kaupthing Edge, akaunti nyingine ya akiba yenye asili ya Iceland, walipata bahati tofauti. Wao walikuwa wameweka fedha katika kampuni tanzu iliyosajiliwa Uingereza. Oktoba 8, 2008 serikali ya Uingereza ilihamishia amana zao benki ya ING Direct. Wateja hao hawakujaza fomu ya madai. Waliamka na kukuta akiba yao iko benki nyingine. Akaunti hizi mbili zilishindana kwa riba na zote asili yake ilikuwa nchi moja. Kilichozitenganisha ni usajili, jambo ambalo wateja wengi hawakuwahi kuliuliza.

KWA NINI WATEJA WA ICESAVE WALILIPWA

Wateja binafsi wa Icesave nchini Uingereza walirudishiwa fedha yao yote. Lakini hawakulipwa na Iceland. Serikali ya Uingereza, kwa kuogopa watu kukimbilia benki nyingine kutoa akiba zao, iliamua kulipa hata kiasi kilichozidi kikomo cha bima, ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kimepandishwa kutoka paundi 35,000 hadi 50,000. Malipo yalianza Novemba 2008. Uholanzi ililipa hadi Yuro 100,000 kwa kila mteja. Aliyezidisha hapo alibaki mdai wa benki iliyofilisika.

Ugomvi ukahamia kwa serikali. Uingereza na Uholanzi zilitaka Iceland irudishe karibu Yuro bilioni 3.8. Wananchi wa Iceland walipiga kura mara mbili, Machi 2010 na Aprili 2011, na mara zote wakakataa masharti ya kulipa. Januari 28, 2013 Mahakama ya EFTA iliamua kwamba serikali ya Iceland haikuwa imevunja sheria kwa kutolipa pale mfuko wake uliposhindwa.

Mwenye akiba anapaswa kuisoma hukumu hiyo mara mbili. Mfuko wa bima ya amana una nguvu za mfuko huo tu. Serikali iliyo nyuma yake inaweza kusaidia ikipenda, kama Uingereza ilivyofanya, lakini hisani haidaiwi mahakamani.

FOLENI YA WADAI

Benki ikifilisika, mali iliyobaki huuzwa na kugawanywa kwa foleni. Kwa kawaida gharama za ufilisi hutangulia, kisha wenye kipaumbele kisheria, kisha wadai wa kawaida, na mwisho wenye hisa, ambao mara nyingi hukuta chungu kitupu.

Oktoba 6, 2008, siku moja kabla Landsbanki haijachukuliwa, bunge la Iceland lilipitisha sheria ya dharura iliyowapandisha wenye amana mbele ya walioikopesha benki kwa hati za dhamana. Wenye hati walipinga, lakini Oktoba 28, 2011 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo iliikubali sheria hiyo. Matokeo yake ni makubwa: mali za Landsbanki zilipouzwa taratibu, madai yote ya amana yalilipwa kikamilifu, la mwisho Januari 2016. Mifuko ya Uingereza na Uholanzi iliyokuwa imewalipa wateja ilisimama mahali pa wateja hao katika foleni na kurudishiwa fedha.

Walioumizwa na kungoja ni waliokuwa nje ya bima. Zaidi ya mabaraza 100 ya miji na wilaya za Uingereza yalikuwa yameweka jumla ya karibu paundi bilioni 1 katika benki za Iceland. Hayakuhesabiwa kuwa wateja wadogo, hivyo yalilazimika kupanga foleni na kushitakiana miaka mitatu ili tu yatambuliwe kuwa wenye amana. Fedha inayorudi baada ya miaka mitano ni fedha, lakini mfanyabiashara anayetaka kulipia kontena bandarini haiwezi kumsubiri.

Katika kisiwa cha Isle of Man mambo yalikuwa magumu zaidi. Kampuni tanzu ya Kaupthing kisiwani humo ilikuwa imeweka sehemu kubwa ya fedha za wateja kwa kampuni dada ya London. Ya London ilipofungwa, ya kisiwani nayo ikakwama. Mahakama iliamuru ifilisiwe Mei 2009, na wenye akiba zaidi ya kikomo cha bima walipokea mgawo kidogo kidogo kwa miaka. Hivyo usajili wa peke yake si kinga kamili. Ni lazima kutazama pia benki imeweka wapi fedha ilizopokea.

MTEGO WA DENI NA AMANA

Wafanyabiashara wengi wana mkopo na amana katika benki moja. Benki ikianguka, kwa sheria ya Uingereza na nchi nyingi zilizoifuata, madeni ya pande mbili hukatana. Mwenye amana ya 100 na mkopo wa 60, wote kwa jina lake, anabaki akidai 40.

Hatari iko pale majina yanapotofautiana. Benki ya BCCI, iliyosajiliwa Luxembourg na kufanya kazi katika nchi nyingi za dunia, ilifungwa Julai 5, 1991. Baadhi ya makampuni yalikuwa yamekopa BCCI, na wenye makampuni wameweka amana zao binafsi kama rehani ya mkopo. Wakadhani amana italipa deni na hesabu itakwisha. Mwaka 1997 mahakama ya juu ya Uingereza, House of Lords, iliamua kinyume: kampuni ilipe mkopo wote kwa mfilisi, na mwenye amana, kama hakujifunga yeye mwenyewe kulipa deni hilo, asimame foleni kama mdai mwingine. Fedha ikatoka mfuko mmoja kwa ukamilifu, na katika mfuko wa pili ikarudi kwa mgawo tu. Kazi ya kuifilisi BCCI iliendelea hadi 2012.

HATUA ZA KUCHUKUA BENKI IKIFUNGWA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya kwanza ni kukusanya karatasi: taarifa za akaunti, stakabadhi za kuweka fedha, mikataba ya amana za muda maalumu, barua zote. Mwenye akaunti ya intaneti achapishe salio lake kila mwezi, kwa sababu siku ya kufungwa huenda ukurasa usifunguke.

Pili, mteja atambue jina kamili la kampuni inayodaiwa. Jina la kibiashara halidaiwi. Icesave haikuwa benki, Landsbanki ndiyo iliyokuwa benki.

Tatu, apeleke madai kwa mfuko wa bima ya amana unaohusika. Wenye akaunti ya pamoja waangalie kama kikomo kinahesabiwa kwa kila mtu au kwa akaunti.

Nne, kiasi kinachozidi bima kidaiwe kwa mfilisi kwa maandishi, kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa Landsbanki tarehe hiyo ilikuwa Oktoba 30, 2009. Mwenye madai halali akichelewa anaweza kuachwa nje ya mgawo.

Tano, aangalie sarafu. Katika ufilisi madai yote hubadilishwa kuwa sarafu moja kwa bei ya siku moja. Iceland ilichukua bei za Aprili 22, 2009. Sarafu hiyo ikishuka baada ya hapo, hasara ni ya mdai.

Sita, asiuze madai yake kwa hofu. Baada ya kila anguko hutokea wanunuzi wa madai kwa bei ya kutupa, pamoja na matapeli wanaoomba ada ili "wafuatilie" malipo. Fomu ya madai hutolewa na mfuko au mfilisi mwenyewe.

AFRIKA MASHARIKI

Tanzania inaujua mkasa huu kwa upande mwingine. Benki ya FBME ilihamishia makao yake makuu Dar es Salaam mwaka 2003, huku sehemu kubwa ya biashara yake ikiwa katika tawi la Cyprus. Julai 2014 idara ya Marekani inayopambana na fedha haramu iliitaja kuwa benki ya kutiliwa shaka, na Benki Kuu ya Cyprus ikachukua usimamizi wa tawi. Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni yake Mei 2017 na kuiteua Bodi ya Bima ya Amana kuwa mfilisi. Kwa wateja wa Cyprus, benki ya kigeni ilikuwa ya Tanzania. Wakati huo kikomo cha bima Tanzania kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Baadaye kilipandishwa hadi milioni 7.5. Kenya ilipandisha chake kutoka shilingi 100,000 hadi 500,000 mwaka 2020. Kwa mwenye duka la jumla, viwango hivi ni mauzo ya muda mfupi tu.

MASWALI KABLA YA KUWEKA FEDHA

Mwekezaji mdogo hawezi kukagua vitabu vya benki, lakini anaweza kuuliza maswali manne na kutaka majibu kwa maandishi. Je, hili ni tawi au kampuni iliyosajiliwa hapa? Ni mfuko wa nchi gani unaozikinga amana, na kikomo chake ni kiasi gani? Je, sheria inawatanguliza wenye amana katika foleni? Na kama kuna mkopo, je, jina la mkopaji na la mwenye amana ni moja?

Akiba inayozidi kikomo igawanywe katika benki mbili au tatu zisizo za mwenyewe mmoja. Na riba ikizidi ya benki nyingine sokoni, mwenye fedha ajue kuwa nyongeza hiyo ni malipo ya hatari, kisha apime kama hatari hiyo anaweza kuibeba.