SOMO: WIMBO KANISANI UNA KAZI GANI?



Kariakoo, Dar es Salaam, mchana ni kelele tupu. Wachuuzi wananadi, magari yanapiga honi. Jioni, ukipita karibu na makanisa, utasikia sauti nyingine. Ni kwaya zinafanya mazoezi. Muuza mchicha anaimba na karani, Mnyakyusa anaimba na Mchaga. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya wimbo: kuwaunganisha watu.

Kazi ya pili ni kufundisha. Mahubiri husahaulika upesi, bali wimbo hukaa kichwani. Kazi ya tatu ni kufariji. Msibani, maneno yakikwama kooni, wimbo hutusemea.

Lakini zamani palikuwa na tatizo. Wamisionari walikuja na tuni za kwao, na makanisa mengi yalikataza ngoma. Tena maneno hayakukaa vizuri. Hebu tamka neno "Bwana". Mkazo uko kwenye "Bwa", sivyo? Tuni ya kigeni huweza kukaza "na". Hapo Kiswahili kinachechemea.

Wenyewe tukaanza kutunga. Mwaka 1959 Padri Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu kwa mahadhi ya Kiafrika. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, Mlutheri, alitunga "Mfurahini, Haleluya". Leo wimbo huo wa Pasaka unaimbwa mpaka Ujerumani na Marekani. Kumbe na sisi tunacho cha kuwapa wengine!

Sasa tuje kwetu sisi wa kisomo. Tunamjua mama mmoja wa kwaya. Zamani alishika kitabu cha nyimbo kwa adabu tu. Siku moja alikishika kichwa chini, vijana wakacheka. Aliumia sana. Akajiunga na kisomo. Alianza na nyimbo alizozijua kwa moyo: kidole kwenye neno, mdomo unaimba. Siku hizi ndiye anayewasomea wenzake beti mpya.

Nawe fanya hivyo. Msomaji Mwislamu aweza kutumia kaswida. Usiache kusoma, maana kisu kisichonolewa hushika kutu.

MASWALI
1. Taja kazi tatu za wimbo kanisani.
2. Kwa nini tuni ngeni ziliharibu matamshi ya Kiswahili?
3. Jadilianeni: kwaya ikiimba peke yake ibada nzima, waumini wengine wanapata hasara gani?

ZOEZI: Andika ubeti mmoja unaoujua kwa moyo. Kisha mpe jirani ausome.