Jua Haki Zako: Propela Mpya Inapopiga Kelele

Mwenye gari la fo-wili aliyebadilishiwa propela gerejini, kisha akatoka barabarani na kusikia mngurumo au mgongano wa chuma ambao haukuwapo alipoliingiza gari, ana haki iliyo wazi katika sheria za Kenya. Walakini haki hiyo aghalabu hupotea katika siku za mwanzo kabisa, kwa kuwa gari limekwisha pitishwa kwa mafundi watatu, kila mmoja amefungua bolti zake, na hakuna tena awezaye kuthibitisha taksiri ilikuwa ya nani.

Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inayo sehemu mahsusi juu ya ukarabati wa magari, nayo humhesabu fundi kuwa ametoa dhamana kwa kila kipuri kipya au kilichorekebishwa alichokifunga, pamoja na kazi ya kukifunga, kwa siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Dhamana hiyo haingoji kuombwa wala kuandikwa, na kibao cha ukutani kisemacho kwamba gereji haina dhima hakiwezi kuiondoa.

Sasa tuisikilize kelele yenyewe, maana ndiyo shahidi wa kwanza. Mtikisiko uongezekao kwa kadiri ya mwendo, usiobadilika ukibadilisha gia, mara nyingi hutokana na propela isiyo na mizani, au iliyounganishwa kombo: ile sehemu iingiayo ndani ya nyenzake kwa meno ikirudishwa jino moja kando, uma za ncha mbili, ambazo katika propela nyingi hutakiwa kulingana, hupishana. Mlio wa "kluk" unapokanyaga au kuachia mafuta huelekeza kwenye bolti zisizokazwa au krosi iliyolegea. Na mlio mwembamba wa kukwaruza, gari likienda polepole, ni dalili ya krosi iliyokosa grisi. Yote haya yamo ndani ya kazi aliyolipwa fundi. Lakini mvumo ubadilikao kila ukanyagapo na kuachia mafuta huweza kuwa ni beringi za difu, ambazo hakuzigusa, na si insafu kumtwika mtu mzigo usio wake.

Katika gari kama Land Rover Defender, ambalo magurudumu yote manne huendeshwa daima, uko mtihani mmoja usiogharimu kitu: propela ya mbele hufunguliwa, difu ya kati ikafungwa, na gari likaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma pekee. Kelele ikitoweka, shaka yote huwa imeegemea upande wa mbele. Mtihani huu ufanyeni pamoja, wewe na fundi yuleyule, nawe uurekodi kwa simu, sauti na usomaji wa kilomita vikiwamo.

Jambo la springi zilizoinuliwa lataka uangalifu zaidi kuliko yote, kwani ndiyo hoja ya kwanza ya gereji nyingi. Ni kweli kwamba gari lililoinuliwa huizidishia propela pembe, na krosi ya kawaida ikashindwa kuihimili. Lakini iwapo ulimweleza muuzaji, kabla ya kununua, kwamba gari limeinuliwa na hupita njia za mawe, nawe ukategemea ujuzi wake katika kuchagua, basi Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humtaka akupe kitu kifaacho kwa kazi hiyo. Maneno hayo na yaandikwe kwenye oda ya kazi, hata kwa mstari mmoja. Na ikiwa propela uliinunua mwenyewe Kirinyaga Road, ukampa fundi kazi ya kufunga tu, jua kwamba unayo mikataba miwili: kipuri kibovu ni deni la muuzaji, ufungaji mbaya ni deni la fundi.

Usiliendeshe gari hali linatikisika ukitumaini litatulia. Propela ikikatika yaweza kuvunja ganda la giaboksi, na hapo utaulizwa kwa nini uliendelea. Lirudishe kwa aliyelitengeneza, umpe barua yenye tarehe na nakala ya risiti. Propela ya zamani idai mapema, kwani sheria hukupa haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Fundi akilizuia gari kwa sababu ya malipo, usilitoroshe, maana anayo haki ya kulishikilia hadi alipwe gharama za kazi. Lipa, ukiandika kwenye risiti kwamba umelipa kwa pingamizi, kisha udai.

Akikataa, tafuta ripoti ya mkaguzi asiye na maslahi, kabla mtu mwingine hajafungua bolti hata moja, halafu uende Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hutakiwa kuamua katika siku 60, na waweza kusimama mwenyewe bila wakili. Katika madai yako taja gharama ya propela, ya ufundi, ya kulivuta gari, na ya ripoti, kila moja na risiti yake.