Sawa, ni Sitiari. Halafu?

Wenzangu, mitihani ya fasihi ina ugonjwa mmoja unaojulikana. Swali linasema: "Jadili namna mwandishi alivyotumia tamathali za semi kujenga ujumbe." Mwanafunzi anajibu kwa orodha. Tashbiha ipo, sitiari ipo, tashihisi nayo ipo. Kila moja inapewa maana yake kutoka kwenye madesa na mfano mmoja, basi. Karatasi inarudi na alama za kuokoteza, na mtu anabaki analalamika kwamba msahihishaji ana roho mbaya.

Tatizo si roho ya msahihishaji. Swali halikuuliza ni tamathali gani zipo, liliuliza zinafanya kazi gani. Kujua jina la dawa si sawa na kujua inatibu nini.

Makala hii inapitia istilahi chache ambazo huwachanganya wengi. Mifano tutaichukua hapa hapa Dunda na Bagamoyo, kisha kwenye vitabu viwili ambavyo wengi wetu tumekutana navyo, na mwisho kwenye maneno yetu wenyewe ya chuoni. Kila mara tutauliza maswali matatu:

1. Nani anasema, na anamwambia nani?
2. Jambo hilo likisemwa wazi, nini kinapotea?
3. Maana tunayoitoa ina ushahidi ndani ya matini, au tumeibandika sisi?

Sitiari: moyo unaobwagwa

Tuanze na jina la mji. Maelezo yanayosimuliwa sana ni kwamba Bagamoyo limetokana na "bwaga moyo". Kubwaga ni kitendo cha mtu mwenye mzigo, anautupa chini akishafika. Moyo haubwagwi. Kwa hiyo hapa moyo umefanywa mzigo, bila "kama" wala "mithili ya". Hiyo ni sitiari. Tungesema "ushushe moyo kama mzigo", ingekuwa tashbiha. Mpaka hapa tumepata jina tu.

Sasa, nani anasema? Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora. Mpagazi aliyebeba pembe za ndovu kwa miezi anaiona bahari. Kwake, kubwaga moyo ni kupumzika, safari imekwisha. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliokamatwa utumwani, na mbele yao kulikuwa na jahazi la kwenda Unguja. Kwao, kubwaga moyo ni kukata tamaa. Moyo unabaki bara, mwili unavuka maji. Wasimulizi wa maana zote mbili wapo.

Maneno ni yale yale mawili na sitiari ni ile ile, lakini maana zinapingana. Anayeandika "hii ni sitiari" amesema kweli, ila hajatuambia kitu. Anayeonyesha kwamba sitiari hiyo inabeba nafuu kinywani mwa mpagazi na msiba kinywani mwa mtumwa, huyo amesoma.

Majazi na kinaya: kisa cha Mtoro

Majazi ni pale mtunzi anapompa mhusika jina linalobeba tabia au nafasi yake. Katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951), anayeshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria anaitwa Karama, na waziri anayemshtaki anaitwa Majivuno. Majina hayo hayakuokotwa. Kabla mashtaka hayajaisha, msomaji ameshaambiwa amwamini nani.

Sasa tumtazame mtu wa kweli. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, upande huu wa Bagamoyo. Kuanzia 1900 alifundisha Kiswahili Berlin, na mwaka 1903 maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani, yakiwa yamehaririwa na Carl Velten. Mwaka 1904 alioa mwanamke Mjerumani. Mwaka uliofuata alitaka kurudi nyumbani na mkewe, lakini wakuu wa koloni pale Dar es Salaam walimkatalia. Ikabidi arejee Ujerumani, na alifia Berlin mwaka 1927.

Mtoro ni mtu anayetoroka. Je, jina lake ni majazi? Wengi wangeandika ndiyo, kwa sababu linavutia. Jibu ni hapana. Jina lilitoka kwa watu wake, wala hapakuwa na mtunzi aliyejua mwisho wa hadithi akalichagua kwa ajili hiyo. Hapa ndipo swali la tatu linapookoa alama. Kitu kinachofanana na mbinu si lazima kiwe mbinu.

Lakini kinaya kipo. Kinaya ni hali ya mambo kwenda kinyume na inavyotarajiwa. Mtu aliyewafungulia Wajerumani mlango wa lugha ya pwani ndiye aliyefungiwa mlango wa pwani yake. Usichanganye na kejeli. Kejeli ni maneno ya mtu anayekusudia kudhihaki, kwa mfano kumwambia mchelewaji, "Karibu bwana, leo umewahi kweli." Kinaya kinaweza kutokea bila mtu kusema neno, ila anahitajika msimulizi wa kuyaweka matukio mawili karibu ili tukione.

Ishara: maji ya Kinjeketile

Ishara nayo hugeuzwa sitiari kila siku. Tofauti ni hii. Kwenye sitiari, kitu kinachofananishwa hakipo pale. Hakuna mzigo halisi ndani ya "bwaga moyo". Kwenye ishara, kitu kipo, kinashikwa, kinatumika, na huku kinakusanya maana kadiri kisa kinavyosonga.

Katika tamthiliya ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* (1969), iliyojengwa juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, maji ni maji kweli. Lakini ndiyo yanayowaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya Wajerumani, na ndiyo yale yale yanayoshindwa kuzuia risasi. Kwa hiyo "maji ni ishara ya umoja" ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba imani hiyo hiyo iliyowapa nguvu ya kusimama ndiyo iliyowapeleka mbele ya bunduki. Ukiacha nusu moja, umeipunguza tamthiliya.

Tafsida: ya kwetu vyuoni

Tafsida ni kupunguza ukali wa jambo kwa neno laini. Sisi tunaitumia kila muhula. Mtu akiachishwa masomo, tunasema "amedisko". Asiyetujua atadhani jamaa kaenda kucheza muziki. Ukimwambia mwenzako wazi kwamba fulani kafukuzwa chuo kwa kufeli, unamuongezea msiba. "Amedisko" linamwachia heshima kidogo.

Sasa linganisha na tangazo linalosema "ada imerekebishwa", wakati ada imepanda. Nayo ni tafsida. Lakini uliza swali la kwanza, nani anamwambia nani? Tafsida ya kwanza inamlinda aliyeumia, ya pili inamlinda anayeumiza. Maana ya kamusi haikuonyeshi tofauti hiyo, na asiyeiona kwenye riwaya hataiona kwenye ubao wa matangazo pia.

Jibu linavyoandikwa

Chukua sentensi hii niliyoitunga. Mvuvi anarudi dikoni na ngalawa tupu, anawaambia wanaosubiri samaki: "Leo bahari imetununia, kesho itacheka."

Jibu dhaifu: *Mwandishi ametumia tashihisi. Tashihisi ni kukipa kitu kisicho binadamu sifa za binadamu. Mfano, bahari imetununia.*

Jibu lenye nguvu: *Mvuvi anaipa bahari hasira ya mtu wa karibu. Hataji nyavu wala uhodari wake mwenyewe, kwa hiyo tashihisi inamwondolea aibu mbele ya waliomsubiri. Na kwa kuwa mtu aliyenuna huweza kupatana nawe, msemo unaacha tumaini, linalothibitishwa na neno "itacheka".*

Jibu la pili lina tamathali moja tu. Lakini limetaja msemaji, wasikilizaji, kazi ya tamathali na ushahidi. Angesema "leo sikupata kitu", habari ingefika, ila aibu ingebaki na tumaini lisingekuwepo.

Kwa hiyo ukipiga msuli wiki hii, usikariri tamathali 20. Chagua 4 kutoka kwenye kitabu kimoja na uzipitishe kwenye maswali matatu. Ukitaka mazoezi ya bure, shuka dikoni asubuhi ngalawa zikiingia. Sikiliza mvuvi na mnunuzi wakivutana juu ya bei, andika sentensi tatu ulizosikia, kisha jiulize kila moja ilikuwa inamlinda nani.